Vikwembe Vitatu vya Noeli

Zawadi ya kwanza ilikuwa imefungwa ndani ya kikwembe, kitenge cha wanawake, fundo juu, kama mtoto anayebebwa mgongoni. Mama Emérance aliitazama tu. Mkono hakuunyosha.

“Papier cadeau ilikwisha mu Likasi yote?” aliuliza. “Ao ni kwenu tu njo haiyafika?”

Majirani walicheka. Si ndiyo kazi aliyowaitia? Waje sebuleni kwake, hapo mtaani Panda, wale keki, waone maboksi yake yenye riboni chini ya mti wa Noeli wa plastiki, halafu waone na takataka za wakwe zake. Na takataka yenyewe, kwa Emérance, ilianza na mkamwana wake, Danielle.

“Karatasi inapasuka, mama, inatupwa,” Danielle alisema polepole. “Kikwembe inabakia. Inaweza kutumika tena.”

“Hata bumasikini inabakia!”

Ghislain, mume wa Danielle, alicheka kuwashinda wote. Mwanaume mzima, na ndevu zote zile, bado anamtazama mama yake usoni kwanza ndipo ajue kama acheke. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Danielle aliwaacha wacheke. Siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: mama mkwe apokee vifurushi vyote vitatu kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu. Akikirudisha hata kimoja, vyote ni bure. Na Emérance alikuwa hodari wa kurudisha. Noeli iliyopita Danielle alimletea sahani ndani ya karatasi nzuri, Emérance akazisukuma kwa mguu mpaka mlangoni. Ndiyo maana safari hii Danielle alimwita mjomba wake, tonton Ambroise, yule aliyeusemea ukoo wao siku ya ndoa, alete vifurushi kutoka kwao.

“Pokea, mama,” Ambroise alisema. “Mikono miwili. Kwetu njo heshima.”

Emérance alisonya. Lakini majirani walikuwa wakingoja, na kicheko kilikuwa kimeshamkolea. Akapokea, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na mfuko wa chumvi.

“Aka! Munyo! Siku ya Noeli! Na imekuwa nguvu sawa jiwe ya Kakontwe. Mulinunua ao mulichimba?”

“Mama yangu alikuwa anaichunga,” Danielle alisema. “Hakuonja hata kidogo.”

“Umepokea, mama?” Ambroise aliuliza.

“Nimepokea! Nitasugulia masufuria.”

Ndani ya cha pili mlikuwa na sufuria. Emérance aliisukuma pembeni, akakichukua kikwembe chenyewe, akakisugua kwa kidole gumba. Rangi ya bluu ikabaki kidoleni. Akakiinua kidole, kila mtu aone.

“Muangalie! Hii ni ya Chine, na ku Chine kwenyewe waliitupa. Minye, siku ya kumuoa huyu, nilitoa bikwembe ya bei, superwax ya Hollande. Ya kweli! Valizi ya mahari nilifunga na mukono yangu.”

Hilo kila jirani alilijua kwa moyo. Miaka miwili sasa haikupita siku superwax ile haijatajwa. Danielle akichelewa kuamka, superwax. Chai ikiwa na maji mengi, superwax. Akisema amechoka, anataka kwenda kwao, Emérance husimama mlangoni, mikono kiunoni: “Uende wapi? Mahari yangu iko kwenu!”

“Muntu mwenye kumupa mama yako kikwembe sawa hii,” alisema sasa, “alimuzarau, Danielle. Alimuzarau sana.”

“Ndiyo, mama. Hata yeye alisema vile.”

“Umepokea?” Ambroise aliuliza tena.

“Nimepokea! Eh, huyu tonton ni kasuku?”

Majirani walijishika mbavu. Nje, mbuzi alilia.

“Sikieni, hata nyama yao inakuja na miguu,” Emérance alisema. “Nani atawachinjia?”

Kifurushi cha tatu kilikuwa kikubwa na laini. Danielle alikitoa kwa haraka, na Emérance akaiona haraka ile. Ikamfurahisha. Akajiegemeza kwenye kiti.

“Apana. Hii murudi nayo. Nimeshiba bikwembe.”

Danielle alibaki amesimama, mzigo mikononi, macho chini. Ghislain akaanza kucheka tena.

“Muache, mwana,” Ambroise alimwambia, taratibu kabisa. “Kama inamushinda mama, inamushinda. Si kila muntu anajua kupokea.”

“Minye? Inishinde nini? Hii?”

Emérance aliruka kitini, akamnyang’anya Danielle kifurushi kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani.

“Nimepokea! Umesikia, kasuku? Nimepokea yote, na bikwembe yenu ya Chine juu yake. Majirani ni washahidi!”

“Tumeona,” majirani wakaitikia, machozi ya kicheko machoni.

Fundo lilikuwa limelegea. Suti ya kijivu ikadondoka sakafuni. Emérance akaiokota kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya.

“Na hii nguo ya maiti ni ya nani?”

Joachim, mumewe, aliinuka kwenye kiti cha pembeni. Aliweka glasi yake chini.

“Ni yangu,” alisema. “Si uliniambia waliiiba ku kamba ya nguo?”

Ambroise alivaa kofia yake, akasimama.

“Mbuzi tumeifunga inje, ku mulango ya lupango,” alisema. “Danielle, mwana wangu, mahari yao wamepokea yote, na ile superwax juu yake. Beba sakoshi, twende kwetu.”