Shira ya Tangawizi

Mama mkwe wake Suyin alikuja dukani kila asubuhi, akakaa kiti kile kile karibu na sufuria za mvuke, akaanza kukosoa. Keki za mchele ngumu kama soli ya kiatu. Maziwa ya soya hayajaganda vizuri. Shira ya tangawizi ama imezidi sukari ama imepungua, ilimradi isiwe sawa.

"Mama, duka si umeniachia?" Suyin alisema leo, akikoroga shira kwa hasira. "Basi niachie kweli."

"Duka nimekuachia. Ulimi wangu sijakuachia."

Suyin alichota maziwa yaliyoganda kwa vipande vyembamba, kama mama huyo huyo alivyomfundisha, akamimina shira na kulisukuma bakuli mbele ya bibi bila kumtazama. Akamhudumia na mteja wa meza ya pili kwa shira ile ile.

Mteja alionja, akakunja uso. "Dada, hii mbona tangawizi tupu?"

Suyin akaonja. Ilimuunguza koo. Kwa kelele za asubuhi ile alikuwa amesahau kutia sukari hata chembe. Akageuka, tayari kwa mahubiri ya kutwa nzima.

Bakuli la mama mkwe lilikuwa tupu. Bibi alikuwa akijifuta midomo taratibu.

"Leo sukari umeipatia," alisema. "Kumbe ukiambiwa unasikia."

Akalisogeza bakuli aongezwe. Ndipo Suyin alipotambua kwamba ulimi ule haukuwa ukionja tena; alisimama na kopo la sukari mkononi, asijue amtilie au asimtilie.