Matairi ya Meno Marefu

Mwalimu alimwaga udongo juu ya meza ya muuza matairi, chupuchupu ufunike kitabu cha risiti.

"Nimeuchota shambani mwenyewe asubuhi hii," alisema. "Nataka matairi yatakayoelewana nao."

Miaka thelathini na moja alikuwa amefundisha jiografia. Ustaafu ulikuwa na miezi minne, trekta alilonunua mkononi mwa mtu lilikuwa na wiki mbili kwake. Shamba la marehemu baba yao mara ya mwisho alionyeshwa akiwa mtoto wa kaptura. Dada yake mkubwa ndiye aliyelilima miaka yote, hadi goti lilipomgomea.

"Ukifika huko, usione haya kuuliza watu," dada alimwambia kwenye simu.

"Dada, mimi ndiye huulizwa," alijibu.

Muuzaji aliufinya udongo ule, ukashikana kama unga uliokandwa. "Mfinyanzi huu. Ukilowa unanata. Chukua haya ya meno marefu yaliyoachana, tope linachomoka lenyewe. Yale mapana, ya meno mafupi, waachie wenye mchanga."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua hilo tangu tumboni mwa mama yake. Rohoni alijicheka: dakika tano zilizopita alikuwa akilisifia tairi la tela akidhani ni la trekta. Akalipiga teke tairi moja la meno marefu, maana ndivyo alivyoona wanaume wakifanya, akaumia kidole, akaona bora akohoe kuliko kulia.

Kesho yake alfajiri aliingia kazini. Mawingu yalikuwa yameshatanda. Mvua ikimkuta hajamaliza, msimu umempita, na dada atakuwa na la kumcheka hadi kaburini.

Mistari ya kwanza ilipinda kama saini ya daktari. Lakini matairi yaliuma udongo barabara, hayakuteleza hata mara moja, na kufikia saa nne mistari ilinyooka. Mwalimu akaanza kupiga mluzi. Kumbe ukulima wenyewe ndio huu! Kumbe alipoteza ujana wake kwenye chaki!

Mama jirani, mjane wa makamo, alitoka kwake na jagi la maji.

"Matairi haya umechagua mwenyewe, Mwalimu?"

"Mwenyewe, mama. Kwanza unausoma udongo, ndipo unanunua."

"Yamelifaa shamba hili kwelikweli. Na ile kona ya juu usiisahau, baba. Ina magugu sugu."

Kona ile Mwalimu aliilima mara mbili, ya pili kwa maringo tu.

Saa kumi alizima injini. Shamba zima lilikuwa limegeuka jeusi, limelainika. Mgongo ulimuuma, kichwa kilimvimba. Alishuka kwa kujikongoja, akasimama mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Tone la kwanza la mvua likaangukia miwani yake, kisha la pili, kisha ikamwagika.

"Umeiwahi!" mama jirani alipiga kelele, akija mbio na mwavuli. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. "Mungu akuzidishie. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyenilimia hivi. Nikajua tu, dada yako ndiye aliyekutuma. Sasa na lenu lile ng'ambo ya mfereji, baba, mtalima lini?"