Uji wa Jioni wa Bibi Sikudhani

"Mlaze ubavu wa kulia! Damu inatoka huko, liache pafu lililo zima lipumue," alisema Daktari Evelina. Muuguzi akamgeuza Ikram.

Mtoto wa miaka saba, moyo umezaliwa na kasoro, mwaka jana kawekewa vali ya bandia. Leo asubuhi, kwao Kizota, kakohoa damu hadi kanga ya mama yake ikalowa. Nani asingechanganyikiwa?

"Vile vidonge vya kuzuia damu isigande anameza vingapi?"

"Kimoja tu, kila asubuhi. Nampa mwenyewe," alijibu Asma, mama yake. Kisha akamgeukia mama mkwe wake, adabu zote zimemwishia. "Muulize huyu anampa nini jioni!"

Bibi Sikudhani alikaza mtandio. Tangu atoke Kondoa kuja kukaa na mwanawe Khalidi, wimbo wake ulikuwa mmoja: vidonge vya hospitali ni sumu. Kila jioni alijifungia na mjukuu, akamnywesha kikombe cha uji aliosema ni wa mizizi. Mbishi huyo bibi, jamani! Ukimwambia hili, yeye lile.

Ikram alikohoa tena. Oksijeni ipo, damu ya kuongezewa imeshatundikwa, lakini beseni lilizidi kuwa jekundu.

"Bibi, shikamoo. Sikugombezi." Daktari aliinama mbele yake. "Damu yake haigandi kabisa. Dawa ya kuigandisha ninayo, lakini nikizidisha, vali itaziba. Nikijua alichokunywa, nitajua nimpe kiasi gani. Ni mzizi gani huo?"

Bibi alikaza mtandio tena.

"Mficha uchi hazai, bibi yangu."

Asma akapiga magoti, akamshika miguu mama mkwe wake. Hasira ilikwisha, ulibaki woga mtupu.

"Mama, nakuomba. Sitakulaumu, wala Khalidi hatajua. Mtaje mganga wako, mwanangu anakufa!"

Machozi yalimtiririka Bibi Sikudhani, hata hakuyafuta.

"Hakuna mganga, mwanangu. Wala mzizi hakuna," alisema. "Niliona vidonge vyenu vinampa mtoto nguvu, nikaona haya kukubali mbele yako. Nikaenda duka la dawa, nikanunua vilevile vyangu. Kila jioni namsagia kimoja kwenye ule uji."