Nusu ya Mafundi

Serikali ilikiokoa kiwanda cha kuunda magari ya watalii pale Sakina kwa fedha za kodi. Sharti lilikuwa kwamba nusu ya mafundi waondoke.

"Agnela, wewe unabaki," meneja alisema mbele ya wote.

Agnela alivua glavu yake, iliyoungua kidole gumba kwa miaka ya kuchomelea. "Na mwenzangu ninayechomelea naye?"

"Anaondoka."

"Bosi, kodi hiyo hata yeye alikatwa. Nipe wiki mbili za mwezi, naye mpe mbili. Mshahara tutagawana."

Meneja alicheka. "Kuna mwingine mwenye wazimu kama huo?"

Fundi wa kupaka rangi, ambaye naye alikuwa amebakizwa, akafuta mikono yenye rangi ya kaki, akaja kusimama kando ya Agnela.