Kukimbia na Puto

Upepo ulilitikisa puto kama mtu anayedai chake. Mashavu alilikumbatia mlangoni mwa kituo cha hali ya hewa, miguu ikimteleza.

"Dada, ngoja upepo utulie kwanza," alisema Shomvi, mwenzake wa zamu.

"Huko visiwani wanangoja? Kwenye barafu wanangoja?"

Shomvi akakagua kipimo, kisanduku chenye redio kilichofungwa kwenye kamba ya puto. Saa hiyo hiyo, dunia nzima, kila kituo kilikuwa kikirusha puto lake ili anga lipimwe kwa pamoja. Chao kilikuwa kimenyamaza siku nyingi kwa kukosa gesi. Leo kikishindwa, kingefutwa kwenye mtandao wa vituo na kutiwa kufuli.

"Ukiliachia hapa, upepo utalilaza, na kipimo kitajigonga chini. Hatuna kingine."

"Basi nitakimbia nao."

Akavua viatu, akatimka kule upepo ulikoelekea, puto likimvuta, kipimo mkononi, akakatiza uwanja wa mpira katikati ya mechi.

"Mpisheni," golikipa akawaambia wenzake, "bibi harusi wa mawingu huyo."

Mashavu alicheka huku akihema. Mbio zake zilipolingana na upepo, akaachia. Kipimo kiliyumba, kikapita juu ya mtambaa panya kwa upana wa kiganja, kikapaa.

Kituoni redio ikaanza kulia, ti, ti, ti.

"Dada, wanatusikia ng'ambo!" Shomvi alipaza sauti. "Njoo uone kituo chetu kwenye ramani."

Mashavu hakugeuka. Alisimama nyuma ya goli, mikono mitupu ingali juu, na timu zote mbili zimeinua nyuso pamoja naye.