Volkano ya Darasa la Nne

Magoti ya Mrefu yaligonga dawati kwa mara ya tatu asubuhi ile, na mlima ukayumba.

"Tulia basi!" jirani yake wa dawati alimkemea kwa kunong'ona. "Ukiuangusha leo, sisemi nawe tena."

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi, na ukali wa bibi harusi aliyecheleweshewa gari. Kila asubuhi alimwamkia Mrefu kwa adabu zote, kisha siku nzima akamwendesha puta.

Mrefu akatulia. Angegombana vipi siku ya volkano? Muhula mzima Darasa la Nne walikuwa wamesoma kila kitu kupitia maajabu ya dunia. Hesabu walizifanya kwa vimo vya maporomoko, nyimbo wakazitunga juu ya mapango yenye mwangwi, na mlima huu waliufinyanga wenyewe kwa magazeti na gundi. Maishani mwake Mrefu hakuwahi kuipenda shule namna hii. Shati lake lilikuwa na gundi hadi kwapani, na nyumbani walishachoka kuuliza.

Shida ilikuwa moja tu. Jina lake halikuwamo kwenye daftari la mahudhurio, na kila mara Mkuu wa shule alipopita dirishani, Mrefu alizama chini ya dawati akijifanya anatafuta penseli. Alichoomba ni kwamba asitimuliwe kabla ya mlima kulipuka. Na kama bahati ingemwangukia, basi aulipue yeye.

"Kura!" Mwalimu alitangaza, akitikisa kopo la vijikaratasi. "Nitakayemwokota ndiye atakayemimina siki."

Darasa zima likapiga kelele, ikabidi Mwalimu agonge meza.

"Mwalimu, Mrefu naye umemwandika?" jirani yake aliuliza.

"Nimemwandika. Na Mkuu akijua, nimekwisha."

Mkono wa Mwalimu ukazama koponi. Mrefu alifumba macho.

"Mrefu!"

Aliruka. Magoti yakagonga dawati tena, wala hakusikia maumivu. Akakishika kikombe cha siki kwa mikono miwili, jirani yake akimsimamia kama fundi mkuu.

"Polepole... polepole... haya, mwaga yote!"

Siki ikakutana na magadi tumboni mwa mlima. Povu jekundu likapanda, likafurika, likavimeza vijumba vya kadibodi, likashuka mezani na kutiririka sakafuni. Wote wakapiga mayowe. Mrefu alipiga mayowe kuwashinda wote, akirukaruka na kikombe kitupu kichwani.

Povu likaendelea na safari yake hadi mlangoni, likakuta viatu vya Mkuu wa shule.

Mayowe yakakatika. Mkuu aliutazama mlima, akavitazama viatu vyake, kisha akaifungua barua aliyokuja nayo.

"Ofisi ya elimu wanauliza," alisoma taratibu, "mkaguzi waliyemtuma hapa kwa siku moja, wiki kumi na moja zilizopita, mbona hajarudi kazini."

Mrefu alikitua kikombe, akanyoosha mkono juu, akasubiri aitwe.