Mvua Nje ya Kibanda cha Wachungaji

"Mama, ingia ndani, utalowa!" Mwinjuma aliita kutoka mlangoni.

Gertrude, mama wa mchumba wake Milka, hakusogea. Alisimama mvuani, juu kwenye milima ya Wales, akikiangalia kibanda cha mawe kana kwamba ndani mna mzoga.

"Toka wewe kwanza," akasema, "ndipo niingie."

Mwinjuma alichukizwa. Kibanda kilinuka mavi ya kondoo, sawa, lakini paa lilikuwa zima, na wachungaji wa kale walilala humo miaka na miaka. Kumbe uchafu ni yeye! Alitoka, akaenda kukaa kwenye Landrova na viatu vyake vilivyojaa maji. Mwanamke gani huyu?

Asubuhi Gertrude alikuwa mtu mwingine kabisa. Walipotoka Birmingham aliketi mbele, wakala maandazi pamoja. Milka alikuwa zamu hospitalini, na safari yenyewe ilikuwa ya mama kumpima kijana. Akauliza: gari la nani? La kuazima, kwa Gurnam, mwenzake wa kiwandani. Je, atamlazimisha Milka asilimu?

"La, Mama. Kila mtu abaki na dini yake."

Maili tatu mbele, Gertrude akaomba gari lisimame, akahamia nyuma. Tangu hapo hakumtazama usoni. Penye kijito Mwinjuma alimnyooshea mkono avuke. Gertrude akauficha wake ndani ya koti, akavuka peke yake akiteleza. Chai ya chupa aliinywa amempa mgongo. Kinyaa cha waziwazi, tena kwa mtu aliyemwendesha tangu alfajiri!

Jioni, waliporudi Birmingham, mtaani Lozells, Gertrude alishuka akapanda ngazi bila kwaheri. Milka alitoka mbio mlangoni, bado na sare ya unesi.

"Mama yako mtafutie mkwe mwingine," Mwinjuma alimwambia. "Kesho nahamia London. Nimempa mkono, kaukwepa kama nina ukoma!"

"Kaukwepa?"

"Na kibandani hakuingia mpaka nilipotoka. Mvua yote ile!"

Milka aliziba mdomo kwa viganja, kisha akamrukia shingoni palepale barabarani, machozi yakimtoka kwa kicheko.

"Mume wa dada yangu huu mwaka wa tisa hajashikwa mkono na Mama. Kwetu mama mkwe hagusani na mkwewe, wala hakai naye chini ya paa moja."